Akiharisha, tusimwambie sumu inatoka

Nauza dawa za asili hapa Moshi, mtaa wa pili kutoka Soko la Mbuyuni. Mama yangu alichimba mizizi Kibosho miaka yote ya nguvu zake, watu wakimfuata nyumbani usiku na mchana. Mimi nimepanga fremu, nina mizani, na cheti cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala kimetundikwa ukutani juu ya makopo ya mlonge. Natanguliza hayo ili waganga wenzangu mtakaosoma mjue kuwa haya hayaandikwi na mtu wa hospitali aliyekuja kutusimanga.

Tarehe 31 Agosti ni Siku ya Tiba Asili ya Mwafrika. Katika kikao kimoja cha kuiadhimisha, mfamasia aliyealikwa kutufundisha alituuliza: nani kati yenu amewahi kupeleka taarifa ya madhara ya dawa, popote pale? Kimya. Bibi mmoja wa Rombo akavunja ukimya: "Inapelekwa wapi, mwanangu? Na sisi wa miti shamba tunaruhusiwa?" Mfamasia akamwambia, "Mnaruhusiwa, bibi, nitafika hapo," kisha akauliza swali la pili: nani amewahi kurudiwa na mteja anayelalamika kwamba dawa imemharisha, imemtapisha, imemtoa vipele au imempa kizunguzungu? Karibu kila mkono ukapanda. Na mlimwambia nini? Tukajibu kwa pamoja, bila hata kutazamana: sumu inatoka.

Jibu hilo limenikaa kichwani. Wakati mwingine ni la kweli, kwa maana kwamba dawa yenyewe ilitolewa ili iharishe. Anayekunywa shubiri anajua anachokitafuta. Lakini sisi tunalitumia kwa kila kitu. Vipele: sumu inatoka. Macho kuwa ya njano: sumu inatoka. Mtu wa presha anayemeza vidonge vya kukojoza anaharisha siku nzima, misuli inamkaza, moyo unamwenda mbio, naye anaambiwa avumilie amalize dozi. Mtu huyo anapoteza maji na madini ya potasiamu kwa njia mbili kwa mpigo, na moyo bila potasiamu ya kutosha unaweza kusimama. Anayemwambia avumilie hana nia mbaya. Hakuna aliyemfundisha kwamba malalamiko ya mteja ni habari, na kwamba habari hiyo ina mahali pa kwenda.

Naamini sisi, kuliko mtu mwingine yeyote katika nchi hii, ndio tunaosikia habari hizo kwanza. Mgonjwa akiwa hospitali akiulizwa, "Unatumia dawa nyingine yoyote?" anasema hapana. Mteja wangu mmoja alifokewa na nesi mbele ya foleni nzima kwa kutaja miti shamba, na tangu siku hiyo akikaa mbele ya daktari hataji. Akija kwangu anafungua pindo la khanga na kumwaga kaunta nzima: vidonge vya sukari, vya presha, karatasi ya kliniki, na unga alionunua kwa jirani. Hospitali wanajua nusu ya anachokula. Mimi najua chote. Kwa hiyo taarifa ya mmea kugongana na kidonge isipotoka kwangu, haitatoka kokote.

Niwape mfano. Kuna mama wa Majengo ana kisukari, anatumia metformini na glibenklamidi kutoka kliniki. Nyumbani kwake kuna mwarobaini mkubwa, akawa anachemsha majani na kunywa kikombe kila asubuhi kabla ya chai. Baadaye akaambiwa kanisani kwamba unga wa mlonge nao unashusha sukari, akaongeza. Asubuhi moja akaanza kutetemeka, jasho likimtiririka mpaka gauni likalowa, maneno yakawa hayaeleweki. Binti yake alidhani ni presha. Kwa bahati jirani alimnywesha chai yenye sukari nyingi akazinduka. Alipokuja kunisimulia, alikuwa tayari ameshaambiwa na watu wawili tofauti kwamba ni sumu ilikuwa inatoka, na mwingine mmoja akamwambia amerogwa.

Ilikuwa sukari imeshuka. Glibenklamidi inalisukuma kongosho litoe insulini ya kushusha sukari hata kama hujala, na mwarobaini nao hushusha sukari, hilo sisi wenyewe tunalitangaza kwenye mabango yetu. Tunalitangaza kama sifa, halafu linapotokea kwa kiwango cha kumwangusha mtu hatulitambui! Nilimwandikia karatasi ya kumpelekea daktari wake, nikaorodhesha vitu vyote vinne, na taarifa yake ndiyo niliyoipeleka kwa mara ya kwanza.

Nieleze sasa inakopelekwa. Chombo chenyewe ni TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ile iliyoitwa TFDA mpaka mwaka 2019. Ofisi yao ya Kanda ya Kaskazini iko Arusha. Wahudumu wa afya wana fomu ya njano, wagonjwa wana fomu ya kijani, na kwa simu ya kawaida ya vitufe unaweza kupitia menyu ya *152*00# bila intaneti. Mambo wanayoyahitaji ili taarifa iwe taarifa ni manne tu: aliyeathirika ni nani (herufi za kwanza za jina, umri na jinsia vinatosha), anayetoa taarifa ni nani, dawa gani inashukiwa, na nini kilimtokea. Anayeongeza tarehe ya kuanza dawa, tarehe ya dalili kuanza, na kama dalili ziliisha alipoacha, amesaidia zaidi. Hutakiwi kuwa na uhakika. Hilo lilinishangaza kuliko yote. Shaka inatosha, kwa sababu kazi ya kupima kama kweli ni dawa au ni jambo jingine ni yao, na taarifa moja peke yake mara nyingi haithibitishi kitu. Inasubiri wenzake. Taarifa yangu ya Moshi ikikutana na ya Tabora na ya Kisumu zinazofanana nayo, hapo ndipo mtu anastuka.

Tanzania iko kwenye mpango wa kimataifa wa Shirika la Afya Duniani wa kufuatilia madhara ya dawa tangu mwaka 1993, na taarifa za nchi wanachama hukusanywa Uppsala, Sweden, ambako sasa ziko zaidi ya milioni 30. Mpango huo ulianza 1968, na ulianza kwa sababu ya vilio. Mwishoni mwa miaka ya 1950 dawa iitwayo thalidomide iliuzwa Ujerumani kama dawa salama ya usingizi, wajawazito wakaitumia kwa kichefuchefu, na maelfu ya watoto wakazaliwa bila mikono au miguu kamili. Iliondolewa sokoni 1961, baada ya madaktari wachache kuunganisha visa walivyoviona. Dawa hiyo ilitoka kiwandani, na wazungu wenyewe ndio walioitengeneza na kuiuza. Nasema hivi kwa sababu kuna wenzetu wanaofikiri kutoa taarifa za madhara ni mtego uliotegwa kwa ajili ya miti shamba. Ulianzia kwenye vidonge.

Na vidonge tunavikumbuka. Wa umri wangu mtakumbuka klorokwini, jinsi mtu alivyojikuna usiku kucha mpaka akafikiria heri homa. Nyumba nzima ilijua kuwa baba akimeza klorokwini hatalala. Watu walikuwa wanaitupa dozi katikati kwa sababu ya kuwashwa, na mtu anayetupa dozi katikati anabaki na malaria. Kwetu Kibosho sikumbuki hata mtu mmoja aliyeulizwa na kuandikwa. Tuliona ni kawaida. Madhara yakishaitwa kawaida, hakuna anayeyahesabu tena.

Sasa nije kwenye hoja ninayoisikia kila kikao, na ambayo mimi mwenyewe naiheshimu: mababu walitumia, haikuwadhuru. Mababu walikuwa waangalifu kweli. Mama yangu alijua mzizi unaoua kwa siku moja, alijua wa kutompa mjamzito, na kipimo chake cha kiganja hakikukosea. Lakini kuna madhara ambayo jicho la mganga mmoja haliwezi kuyaona, hata awe hodari vipi, kwa sababu yanachelewa.

Brussels, Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kliniki moja ya kupunguza unene ilianza kuweka mimea ya Kichina kwenye vidonge vyake. Wanawake vijana, wazima, wakaanza kufika hospitali figo zikiwa zimekufa. Madaktari walipofuatilia na kuchapisha mwaka 1993, iligundulika kwamba mmea uliokusudiwa, Stephania tetrandra, ulikuwa umebadilishwa na mwingine, Aristolochia fangchi. Kwa Kichina yote miwili ina jina la fang ji, mmoja han fang ji na mwingine guang fang ji. Walioathirika walipita mia moja, na baadhi yao waliota saratani ya njia ya mkojo miaka kadhaa baadaye. Mimea ya jamii ya Aristolochia ilikuwa imetumika kama dawa kwa karne nyingi, Asia na Ulaya. Mganga wa zamani angewezaje kuunganisha kikombe cha leo na figo zitakazokufa baada ya miaka? Mgonjwa mwenyewe angekuwa ameshahama kijiji. Kilichoonyesha ukweli ni kuwaweka wagonjwa wote kwenye ukurasa mmoja na kuuliza walikunywa nini.

Hapa kwetu hili linanigusa sana, maana Moshi pamefanyika utafiti kuhusu ugonjwa sugu wa figo na matumizi ya dawa za asili, na mimea iliyotajwa na watu ni ile ile iliyo kwenye rafu zangu: mlonge, mchaichai, shubiri, majani ya parachichi. Kutajwa si kuhukumiwa. Mtu mwenye figo mbovu anatafuta dawa, kwa hiyo atakutwa na dawa. Lakini mtu akitaka kujua kama mchaichai hauna neno kwa mgonjwa wa figo, nani atamwambia ikiwa sisi tunaowauzia hatuandiki kinachotokea?

Suala la majina pia si la Wachina peke yao. Chukua mti unaoitwa hivi Machame, nenda mpaka Usambaa, jina hilo hilo linapewa mti mwingine. Kwa hiyo siku hizi ninapopokea mzigo nabakiza kipande: gome kidogo, jani lililokaushwa kwenye gazeti, na jina la aliyeniletea na alikochimba. Kikitokea cha kutokea, ninacho cha kuonyesha.

Halafu kuna msesewe. Gome la mti huu hutiwa kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, na kila Mchaga aliyeinywa anaujua uchungu wake. Msesewe ni wa jenasi ya Rauvolfia, ndugu wa mmea wa India ambao mwaka 1952 wanasayansi walitoa ndani yake reserpini, dawa ya presha iliyotumika dunia nzima. Reserpini ilishusha presha vizuri, na ilipotumika kwa wengi ikaonekana kuwa baadhi ya watu inawatia huzuni nzito, mpaka wengine kukata tamaa ya kuishi. Mimi huwa najivunia habari hii mbele ya madaktari: miti yetu ina nguvu. Basi tuikubali nguvu hiyo yote, na ile inayoumiza.

Kisa kilichoniuma zaidi ni cha mzee mmoja wa Uru. Magoti yalikuwa yamemkaba miaka mingi. Akanunua kopo la unga wa mifupa kwa muuzaji wa kipaza sauti anayezunguka magulio, lebo yenye picha ya mifupa na maandishi ya lugha ambayo hakuna aliyeweza kuisoma. Ndani ya siku chache alikuwa anatembea mpaka shambani. Alinisifia dawa hiyo mpaka nikaona wivu wa kibiashara. Lakini nilipomtazama uso ulikuwa umevimba ukawa duara, mashavu mekundu, ngozi ya mikono inachubuka kwa kuguswa tu. Nikamwambia, "Meku, usiitupe hiyo kopo, na usiiache dawa ghafla kabla hujaonana na daktari." Alikubali la kopo. La pili hakulishika, kwa sababu unga ulikwisha na muuzaji hakurudi. Siku chache baadaye alikuwa hawezi kunyanyuka kitandani, anatapika, presha iko chini kabisa.

Daktari aliyempokea alishuku steroidi, dawa kali za hospitali za kutuliza uvimbe na maumivu. Ni mchezo unaojulikana duniani: unga unaoitwa wa asili unachanganywa kwa siri na prednisoloni au deksamethasoni za famasia, maumivu yanakata haraka, sifa inasambaa. Mwili ukipewa steroidi kila siku kwa muda mrefu huacha kutengeneza za kwake, na zikikatwa ghafla mtu anaweza kufa. Mzee alirudishiwa dozi, akapunguziwa taratibu, yuko hai na magoti yake yanamuuma kama zamani. Ile kopo ndiyo iliyoambatana na taarifa. Kama angekuwa ameitupa jalalani, tungebaki na mzee aliyeugua tu.

Na huyo muuzaji alitumia jina letu. Aliuza kidonge cha hospitali kwa kukiita mti shamba. Yeye akiharibu, tunachafuka sisi sote tunaochimba kwa jasho. Ndiyo maana sielewi mwenzangu anaponiambia kutoa taarifa ni kuwauza waganga. Ni nani anayetulinda zaidi ya sisi wenyewe kumtenga mtu huyo?

Hofu zilizobaki nazijua, nimezisikia usoni. Ya kwanza ni kufungiwa. Kupeleka taarifa si kukiri kosa. Fomu inauliza kilichotokea, haiulizi nani wa kushtakiwa. Anayeuza bila usajili ana sababu yake ya kuogopa, lakini sababu hiyo ilikuwepo kabla ya fomu, na dawa yake ni kujisajili. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ipo tangu mwaka 2002. Ya pili ni siri ya dawa. Hii ni nzito, sitaidharau, kwa sababu mchanganyiko wa mama yangu ndio urithi pekee alioniachia. Lakini mteja akianguka, daktari anahitaji kujua kilichomo tumboni mwake sasa hivi. Naandika majina ya mimea na sehemu iliyotumika. Namna ninavyoitayarisha, muda wa kuivundika, kinachotangulia na kinachofuata, hayo hayajaulizwa.

Watu wa Arusha na Moshi hatuwezi kuzungumza habari hizi tukaruka Loliondo. Mwaka 2011 nchi nzima ilipanga foleni Samunge kwa Babu Ambilikile Mwasapila, kikombe kimoja shilingi 500, dawa ya mti wa mugariga. Babu ametangulia mbele ya haki mwaka 2021 na simsemi vibaya. Alikuwa na imani na upole ambao waliofika waliuona. Wateja wangu wengi walikwenda. Wengine wananiambia walipata nafuu, wengine waliacha ARV au vidonge vya sukari wakarudi wakiwa hoi. Hakuna hata mmoja wa walionisimulia aliyewahi kuulizwa na mtu mwenye kalamu: ulikunywa lini, uliacha dawa gani, nini kilifuata? Umati ule wote, na hadithi zimebaki vibarazani.

Wenzetu India walitambua pengo hili mapema. Mwaka 2008 walianzisha mpango wa kitaifa wa kufuatilia usalama wa dawa zao za asili, za ayurveda, siddha na unani, ili taarifa zitoke kwa watabibu wa fani hizo wenyewe. Natamani tufike hapo. Natamani mratibu wa tiba asili wa kila halmashauri akija kukagua cheti aje pia na fomu mkononi, na mafunzo ya usajili yatenge muda wa kujaza moja kwa vitendo. Bibi wa Rombo hakukosa nia. Hakuwahi kuambiwa tu.

Mimi kwa sasa nina daftari la mistari chini ya kaunta. Kila anayenunua dawa ya kumeza namuuliza anatumia nini kutoka hospitali, naandika, na namwomba akiona kitu kigeni arudi aniambie hata kama anadhani nitakasirika. Akirudi, swali langu la kwanza ni lini ilianza. Naandika kabla sijasema neno lolote kuhusu sumu. Macho ya njano, uso kuvimba, kupumua kwa shida, mkojo kupungua au damu, hao siwaandikii kwanza: nawapeleka hospitali, na kopo au karatasi ya dawa inakwenda nao. Taarifa naifanya jioni nikishafunga.

Kama unauza dawa za asili Moshi na hujawahi kuiona hiyo fomu, uliza pale Mbuyuni duka la mama wa mlonge, watakuelekeza. Njoo mchana, asubuhi pana foleni. Chukua na daftari lako, na kama una mteja aliyekulalamikia wiki hii, njoo na tarehe zake.